Kwa mwenye nyumba ni mke, kwa wazazi ni rafiki

Mtaani wanaita "sogea tukae". Wawili wanapendana, kodi ya geto imepanda, mmoja anahamisha begi, wiki inayofuata anahamisha jiko la gesi, na kabla ya mitihani ya semista wamebaki na chumba kimoja badala ya viwili. Hakuna barua ya posa, hakuna mshenga, hakuna hata picha. Huu ni mwaka wangu wa tatu nakaa Buzuruga, na kila nyumba ya kupanga niliyowahi kuingia kumtembelea mwanachuo mwenzangu, kuanzia jirani na stendi mpaka upande wa Nyakato, nimekuta wawili wa namna hiyo. Wanaishi vizuri tu. Wanapika, wanagombana kuhusu LUKU, wanapatana.

Sikuandika makala hii ili nihubiri. Wahubiri tunao wa kutosha, na wanafanya kazi yao. Mimi nasoma sheria, na jambo ninalotaka kusema ni hili: sheria ya Tanzania imewajua wanaoishi kinyumba tangu mwaka 1971, ila inawajua kupitia midomo ya majirani na karatasi walizotunza. Sisi wanachuo tunaishi kwa namna inayoharibu vyote viwili. Kwa hiyo yeyote anayeishi na mwenzake bila ndoa, na wanachanga hela pamoja, aandike makubaliano. Na serikali yetu ya wanafunzi itusaidie kuyaandika.

Tuanze na sheria yenyewe, maana inazungumzwa sana na kusomwa kidogo. Sheria ya Ndoa, namba 5 ya mwaka 1971, inatumika Tanzania Bara. Kifungu cha 160 kinasema kwamba ikithibitika mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyofanya watu wawatambue kuwa mume na mke, mahakama itachukulia kwamba walioana kihalali. Hiyo ndiyo dhana ya ndoa. Angalieni neno hilo, dhana. Ni jambo linalochukuliwa kuwa kweli mpaka mtu alete ushahidi wa kulipinga.

Sasa linganisheni na yale tunayosikia mtaani. Kuna wanaosema miezi sita inatosha. Si kweli, ni miaka miwili. Kuna wanaosema miaka miwili ikitimia tu, basi, wewe ni mke. Si kweli pia. Miaka miwili ni sharti moja, kutambuliwa na watu ni sharti la pili, na yote mawili lazima yathibitishwe. Zaidi ya hapo, lazima muwe mlikuwa na uwezo wa kuoana. Kama jamaa ana ndoa ya kanisani huko kwao Sengerema na haijavunjwa, mnaweza kukaa miaka kumi na bado dhana ikapingwa, kwa sababu aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi kuwa na mke wa pili.

Wengi huishia hapo, wakidhani dhana ikianguka kila kitu kimeanguka. Hapana. Fasili ya pili ya kifungu hichohicho inasema hivi: hata dhana ikipingwa mahakamani, mwanamke akithibitisha kwamba kweli waliishi kama mume na mke kwa miaka miwili au zaidi, anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Na yeyote kati yao, mwanamke au mwanamume, anaweza kuomba nafuu nyingine ambazo mahakama ingezitoa kama ndoa ingekuwepo na ikavunjika. Katika kesi ya Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, iliyochapishwa katika taarifa za kesi za mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba kugawana mali waliyoichuma wawili wakati wa kuishi pamoja ni moja ya nafuu hizo. Wanaume wenzangu mnaocheka mkisikia habari hizi, someni tena: kifungu kinawalinda na ninyi. Kiwanja kinaweza kuwa na jina la dada na hela ikawa ya kaka.

Basi mtu ataniuliza, kama sheria ni nzuri hivyo, mkataba wa nini? Jibu liko kwenye maisha yetu wenyewe.

Chukueni wenzetu wawili niliokaa nao uwanja mmoja hapa Buzuruga. Majina nayaacha. Walianza kuishi pamoja wakiwa mwaka wa pili. Mama mwenye nyumba hapangishi vijana "wasioeleweka", kwa hiyo siku ya kuchukua chumba walimwambia wao ni mke na mume. Mama akawapa chumba na sebule, akamwandika kaka kwenye daftari lake, na dada akawa "mke wa namba nne". Sisi wapangaji tukamwita shemeji. Huku kwao, kila mmoja kwa wazazi wake, mwenzake alikuwa "rafiki tunasoma wote". Likizo ikifika dada anapanda basi kwenda kwao Bunda, kaka anabaki au anaenda kwao Kahama. Kwenye fomu za mkopo wote ni waseja.

Walipomaliza wakaendelea kukaa hapohapo. Kaka akapata kazi ya mkataba, dada akawa anauza vitenge. Wakaona kiwanja Kishiri, shilingi milioni 2.4, kulipa kwa awamu nne. Karatasi ya mauziano iliandikwa kwa jina la kaka peke yake, "kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo siku hiyo". Mwaka mmoja baadaye mapenzi yakaisha. Dada akataka chake. Wakafika kwa mwenyekiti wa mtaa, na sisi majirani tukaitwa.

Mwenyekiti akamuuliza kaka, "Huyu binti ni nani wako?"

"Ni rafiki, mzee. Tulikuwa tunasoma wote, tukawa tunasaidiana kodi."

Mama mwenye nyumba hakusubiri kuulizwa. "Mwenyekiti, mimi huyu namjua ni mke wake. Wangekuwa marafiki nisingewapa chumba."

Hapo ndipo nilipokielewa kifungu cha 160 kuliko nilivyokielewa darasani. Uongo waliomwambia mama mwenye nyumba ili wapate chumba uligeuka kuwa ushahidi bora wa dada. Na uongo waliowaambia wazazi ndio uliokuwa ngao ya kaka: mjomba wake alisema kwa nafsi safi kabisa kwamba hajawahi kusikia habari za mke. Watu wale wawili walikuwa na sifa mbili. Uani walikuwa mke na mume, ukooni walikuwa marafiki. Hakimu akikutana na kesi ya namna hiyo, ataamini upande gani? Inategemea nani analeta mashahidi wengi na wazuri zaidi siku hiyo. Mimi nisingependa mali yangu ya miaka minne ining'inie hapo.

Hata kama wangekubaliana walikuwa mke na mume, bado kulikuwa na swali la nani alitoa nini. Dada alisema alichangia shilingi 1,200,000. Zilizoonekana kwenye meseji za simu zilikuwa 500,000. Zile 700,000 nyingine alimpa mwenzake mkononi, nyingine zilitoka kwenye vitenge, nyingine kwenye bumu lake la mwisho. Nani alimwona? Hakuna. Walipatana arudishiwe 500,000, kwa awamu. Kiwanja kimebaki kwa kaka, na bei yake Kishiri sasa si ile tena. Dada hakutaka kwenda mahakamani, kwa sababu kwenda mahakamani kungemaanisha baba yake asikie kwamba aliishi na mwanamume miaka minne.

Hiyo sentensi ya mwisho isomeni mara mbili. Siri iliyomlinda nyumbani ndiyo iliyomfunga mdomo alipotaka haki yake.

Wanasheria wenzangu watanikumbusha kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983. Ni kweli, pale Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika hukumu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika kuchuma mali. Uamuzi huo umewasaidia wanawake wengi, na wale waliokuwa wakisema "wewe ulikuwa unakaa tu nyumbani" walinyamazishwa. Lakini someni mpaka mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mahakama ilikubali kanuni, kisha ikaangalia ushahidi wa pesa alizokuwa amepewa na mumewe na namna alivyozitumia, ikaona hana anachodai. Kanuni nzuri bila ushahidi mzuri haimjazi mtu mkono. Na huyo alikuwa mke wa ndoa, mwenye shahidi wa ndoa yake. Sembuse wewe wa sogea tukae?

Wakenya nao wamepita hapo. Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu kati ya watu wawili wanaotajwa kwa herufi tu, MNK na POM, waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi na kujenga nyumba Nairobi. Mahakama ilikataa kuwaita mke na mume, kwa sababu mwanamke alikuwa bado ana ndoa na mtu mwingine. Hata hivyo haikumwacha mtu mikono mitupu. Iliigawa ile nyumba kwa kupima kila mmoja alichangia nini. Kisha ikasema dhana ya ndoa itumike kwa nadra, na ikalitaka Bunge lifikirie kutunga sheria ya wanaoishi pamoja bila kuoana. Kwa maneno ya mtaani, majaji walisema: msitutegemee sisi kukisia ninyi ni nani kwa kila mmoja, semeni wenyewe.

Kusema wenyewe ndiyo makubaliano ninayoyapigia debe. Wala si jambo la ajabu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka watu wenye umri na akili timamu, ridhaa ya hiari, kitu kinachotolewa na kila upande, na lengo lisilovunja sheria. Wawili wanaoandika namna watakavyochangia kodi, vyombo na kiwanja wanaweza kutimiza yote hayo. Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili cha kawaida, ikijibu maswali haya:

Kila mmoja ameingia na nini? Kitanda cha nani, friji ya nani, kompyuta ya nani.

Kodi, umeme, maji na chakula vinalipwa na nani kwa kiasi gani, na je, hiyo ni zawadi, mkopo au mchango?

Tukinunua kitu kikubwa pamoja, mgawo wetu ni upi? Kama ni ardhi, majina yote mawili yaandikwe kwenye karatasi ya mauziano tangu siku ya kwanza, na hisa za kila mmoja zitajwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua umiliki wa pamoja. Hailazimu muwe mmeoana.

Mmoja akimlipia mwenzake ada au akimkopesha mtaji, inarudi au hairudi?

Tukiachana, nani anabaki na chumba, na anayeondoka anapewa muda gani?

Wekeni sahihi wote wawili, na mashahidi wawili ambao si marafiki wa mmoja tu. Mkiweza, mpelekeeni wakili. Kisha mtume pesa kwa simu hata kama mmekaa kitanda kimoja, mkiandika ni za nini. Makato ya kutuma ni madogo kuliko 700,000 isiyo na shahidi.

Kuna mambo ambayo karatasi hiyo haiwezi kufanya, na ni vizuri kuyajua mapema. Haiwafanyi mke na mume. Haiwezi kuweka malipo kwa ajili ya tendo la ndoa. Hapo imekufa, kwa sababu lengo lake ni kinyume cha sheria na maadili. Na haiwezi kumnyang'anya mtoto haki yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wote wajibu wa kumtunza mtoto, awe amezaliwa ndani au nje ya ndoa. Baba na mama hawawezi kuandikiana kwamba "mtoto akija ni wako peke yako". Hata mkisaini mbele ya mashahidi kumi, mahakama itaiweka pembeni.

Na ile ahadi ya "nikipata kazi nakuoa"? Sheria ya Ndoa inaruhusu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, lakini fidia hiyo haivuki hasara ya fedha uliyoipata moja kwa moja kwa sababu ya ahadi hiyo. Machozi hayamo kwenye hesabu. Kwa hiyo tena tunarudi palepale, risiti na maandishi.

Najua watakaokasirika. Kundi la kwanza litasema kwamba kuandika makubaliano ni kuhalalisha uzinzi chuoni. Ninaheshimu imani zao, na wengine ni ndugu zangu. Lakini Bunge la mwaka 1971 halikutunga kifungu cha 160 kwa kupenda watu waishi bila ndoa. Lilitunga sheria hiyo likiunganisha ndoa za kiserikali, za kikristo, za kiislamu na za kimila chini ya paa moja, na bado likaona kuna watu watabaki nje ya paa. Likachagua kutowaacha wanyeshewe. Anayeona wawili hao wanakosea bado anaweza kukubali kwamba kosa hilo halimpi mmoja wao ruhusa ya kumnyang'anya mwenzake kiwanja.

Kundi la pili ni la wapenzi wenyewe. "Tukiandikiana maana yake hatuaminiani." Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Kwetu Usukumani, wazee wakikaa kupanga mahari, ng'ombe wanahesabiwa mmoja mmoja, rangi na umri vinatajwa, na mashahidi wa pande zote mbili wapo. Hakuna mzee anayesema kuhesabu ng'ombe ni dalili ya kutoaminiana. Wanahesabu kwa sababu wanajua watu hufa, hukasirika na husahau, na wanataka undugu ubaki hata hayo yakitokea. Kwenye vikoba kila mwanachama ana daftari, na ni watu waliozaliwa mtaa mmoja. Ni sisi tu wasomi tunaodhani mapenzi yetu hayahitaji daftari.

Kundi la tatu litasema, sisi tumekaa miezi minane tu, hatuna mali, tuna godoro na feni. Sawa. Makubaliano yenu yatakuwa mistari mitano. Ila wale wenzetu wa chumba namba nne nao walianza na godoro na feni.

Sasa kazi ya serikali ya wanafunzi. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo tunapewa semina ya mikopo, semina ya afya, semina ya nidhamu. Sijawahi kuona semina ya mikataba ya kupanga na kuishi pamoja, wakati wengi wetu tunalala nje ya chuo. Napendekeza mambo mawili tu. Kwanza, siku moja kila semista ya ushauri wa sheria bure, itakayofanyika huku tunakoishi, Buzuruga na mitaa mingine yenye wanachuo wengi. Wanafunzi wa sheria tupo, na mawakili wa kutusimamia wanaweza kuombwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na hapa Mwanza shirika la Kivulini limekuwa likifanya kazi ya haki za wanawake tangu 1999. Hatuanzi kutoka sifuri. Pili, kamati ya sheria iandae karatasi moja ya mfano wa makubaliano, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye mbao za matangazo na itolewe bure. Anayetaka aichukue kimyakimya, hakuna wa kumuuliza ni ya nini.

Na kwa yule ambaye ameshaachana na hana karatasi yoyote: usikate tamaa. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa, huhitaji kuanzia Mahakama Kuu. Kabla ya hapo, Baraza la Usuluhishi la Ndoa katika kata yako ni pa kupita. Kusanya meseji, risiti za LUKU, daftari la mwenye nyumba, picha za misiba na harusi mlizokwenda pamoja, na majina ya waliokuita shemeji au mama fulani. Jitahidi kuzungumza na mtu mmoja wa nyumbani anayekuaminia, shangazi, bibi au kaka, kabla mwenzako hajamfikia. Aibu ya kusikika siku moja inapita. Kiwanja kilichoondoka hakirudi kwa kunyamaza.

Kwa mnaoendelea kuishi pamoja kwa amani, huu ndio wakati wenu mzuri. Makubaliano huandikwa na watu wanaopendana. Waliokwisha kugombana huandikiana mashtaka.